Fomu Iliyojaa Kuliko Zote

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakufikia ukiwa na nafuu, na kwamba mikono haitetemeki tena kama siku ile ulipopanda basi kwenda kwa Mama. Kichwa je, bado kinagonga asubuhi? Mama mpe shikamoo yake, na goti lake lipe pole. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo imechafuka, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikatiza nisifike mwisho.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinitania, kwamba tangu utotoni mnaniita Kipua kwa kunusa kila kitu, na sasa serikali inanilipa mshahara ninuse? Basi ngoja nikueleze kinachonuswa. Kazi yetu ni kukadiria mvuke unaotoka kwenye petroli, rangi, gundi na thina ya kuyeyushia rangi na vanishi katika jiji zima, ule ambao jua likiupiga unachafua hewa mpaka macho yanawasha. Jina lake la kitaalamu linamaliza mstari mzima, nisikuchoshe. Hakuna awezaye kupima kila kopo la jiji hili, kwa hiyo tunatembelea sehemu chache, tunauliza wanatumia lita ngapi kwa wiki, kisha tunazidisha kwa idadi ya sehemu zote za aina hiyo. Mkuu wetu wa kitengo anaipenda hesabu hiyo kuliko chakula. Tunamwita Bwana Wastani.

Mwaka jana, tulipokuwa tukiandaa ripoti, niligombana naye miezi mitano mfululizo. Juu ya paa la ofisi tuna mashine inayopima hewa yenyewe, na mashine ilisema mvuke uliopo ni mara tatu ya tuliokadiria. Mara tatu, kaka! Bwana Wastani akasema mashine ni mbovu. Ikapelekwa kwa fundi mara mbili, ikarudi na majibu yaleyale, mpaka fundi akaniuliza kama tunamchezea. Nikamweleza mkuu kwamba wapaka vanishi wananunua thina kwenye chupa za maji, haina lebo wala risiti, kwa hiyo haimo kwenye takwimu zozote. Akanijibu kwamba kisichomo kwenye fomu hakipo.

Ripoti ikatoka hivyohivyo. Feni kubwa za kutoa hewa chafu na barakoa zenye vichujio zikapelekwa kwenye mitaa yenye takwimu kubwa, kwa wachapaji na kwa madobi wa suti wanaosafisha kwa dawa badala ya maji. Karakana za samani kama yako zikawa mkiani, na mtaa wenu haukupata hata feni moja. Uliponiuliza kwa nini, nilikwambia serikali ndivyo ilivyo, nawe ukailaani mpaka ukakohoa. Miezi miwili baadaye ukaangusha brashi mbele ya mteja, ukashindwa kuiokota, na daktari akakwambia usisogee tena karibu na thina.

Sasa usinikatize. Serikali uliyoilaani ni mimi.

Nilipangiwa karakana kumi na mbili za samani, na yako ilikuwa mojawapo. Wenzako kumi na mmoja walinifungia milango, au walisema wanatumia kidogo tu wakagoma kutaja lita. Kwako sikufika kabisa. Uliwahi kuniambia kwamba watu wa fomu wakija, wanaofuata ni watu wa kufuli, na karakana ile ndiyo iliyonisomesha. Nikakaa mezani kwangu nikaijaza mimi mwenyewe fomu yako: madirisha manne wazi, thina lita moja kwa wiki. Dirisha lako ni moja, tena umeliegemezea mbao. Nilidhani fomu moja haitaharibu kitu. Lakini kwa kuwa ndiyo pekee iliyojaa kila mstari, Bwana Wastani aliisifu mbele ya wote, akaifanya kielelezo, akaizidisha kwa karakana mia tisa za jiji zima. Miezi yote ile niliyokuwa nikimpigia kelele kuhusu mashine, nilijua kosa liko wapi. Nilimkasirikia yeye kwa sababu kujikasirikia mimi kulinishinda. Naona aibu, kaka, na naogopa.

Mwisho wa mwezi tunaanza makadirio mapya, na siku hiyo nitamweleza mkuu kila kitu. Huenda nikafukuzwa. Ila siwezi kuifuta ile lita moja bila kuweka ya kweli mahali pake, nami sitabuni tena. Wewe peke yako ndiye unayeijua.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mama usimwambie, nitakuja kumwambia mwenyewe. Niandikie kwa mkono wako, hata kama unatetemeka, ulikuwa ukitumia lita ngapi. Na kama moyo haujakuruhusu bado kunisamehe, usiandike salamu wala jina langu. Andika namba hiyo tu, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Kipua