Oili ya Safari ya Kwanza

Kwa mdogo wangu,

Zipokee salamu kwanza, kwa kuwa Mama alitulea tusianze neno bila salamu, hata na mtu tuliyenuniana naye. Natumaini u mzima, shemeji ni mzima, na mgongo wako umeacha kukusumbua. Mimi afya ninayo ya kutosha. Goti la kushoto linalalamika kwenye ngazi, macho bado yanasoma herufi ndogo, na hasira ninazo tele.

Barua yako niliipata pamoja na lile kopo la oili. Kopo zuri, la rangi ya dhahabu. Barua yenyewe ilikuwa ya mistari michache: nimimine oili hiyo katika injini ya gari la Baba, gari nilipakie kwenye lori, nilitume nyumbani, na nisijisumbue kuja. Ukaongeza kwamba umeuza oili maisha yako yote, hivyo mjalidi vitabu mstaafu asikufundishe kazi. Nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili. Sasa nisikilize wewe, na leo usinikatize.

Injini ile imevunjwa yote ikaundwa upya. Silinda zimechongwa, na kuta zake zikakwaruzwa makusudi, mikwaruzo myembamba inayopishana kama nyuzi za kitambaa. Pistoni zina ringi mpya. Ringi hizo hazijajuana na kuta. Lazima zisuguane kwanza mpaka kila moja ipate mahali pake. Oili yako ni ya sintetiki, inateleza mno. Injini mpya ikianza nayo, ringi zitaelea tu, kuta zitang'aa kama kioo, na gari litakula oili na kutoa moshi wa bluu mpaka siku injini ifunguliwe tena. Mimi niliyebandika migongo ya vitabu tangu ujana sikuhitaji kuelezwa mara mbili: karatasi inayoteleza haishiki gundi, sharti uipige msasa kwanza.

Tena kuna kemshafti, ule mhimili unaozunguka kufungua vali. Katika gari la umri ule, kemshafti husukuma tapeti uso kwa uso, chuma juu ya chuma, na isipopata oili yenye zinki ya kutosha siku ya kwanza, huanza kulika kabla hujamaliza kikombe cha chai. Oili yako imetengenezwa kwa magari ya leo. Zinki yake ni ya kulamba. Nilisoma maandishi yote ya nyuma ya kopo kwa lenzi. Wewe unayeliuza hujawahi kuyasoma.

Fundi wangu gereji nzima inamwita Honi, kwa kuwa hajui kusema taratibu. Naye ulishamharibu. Nilifika nikamkuta boneti iko juu, faneli mkononi, kopo lako miguuni pake, lile nililokuwa nimeliacha pembeni kama takataka. Nikamuuliza nani kamtuma. Akanguruma kwamba mdogo wangu amempigia simu, kamwita bosi, kamwahidi katoni nzima, na kamwonya kwamba mzee ana ukaidi wa vitabu.

Nikalikalia. Naam, nilikaa juu ya kopo lako la dhahabu, kofia kichwani, fimbo mapajani. Honi akaniambia, "Baba, inuka, watu wanafanya kazi." Nikamwambia nitainuka nikiona ya kwangu inaingia: oili ya madini, ya kawaida, isiyo na mbwembwe, niliyoichagua yenye zinki ya kutosha. Fundi rangi wa upande wa pili akauliza kwa sauti kama mzee anataga au anaatamia. Wakacheka mpaka spana zikawatoka mikononi. Sikuinuka. Mwishowe Honi akamimina ya kwangu, huku akisema injini ni yangu, ikifa niizike mwenyewe.

Haikufa. Iliwaka mara ya kwanza, na hatukuiacha inong'one. Tuliikanyagia mafuta, ikinguruma, karibu nusu saa, ili oili irukie kemshafti yote. Nilisimama kando nimefumba macho. Hapakuwa na kugonga wala kukwaruza. Ilikuwa sauti ileile iliyomfanya Mama ainjike chai kabla gari halijafika kwenye kona.

Na hapo ndipo ubaya wako unaponichoma. Miaka yote hii umewaambia ndugu, majirani na wateja wako kwamba niliiba gari la Baba. Wewe ulikuwa bwenini siku ile vita vilipotutawanya. Baba mwenyewe ndiye aliyejaza petroli, akanitia ufunguo mkononi, akaniambia nitangulie na wagonjwa, yeye na Mama watafuata. Hawakuweza kufuata, na mimi sikuweza kurudi. Hilo Mama analijua. Hukumuuliza, kwa sababu hadithi ya wizi ilikufaa zaidi ulipokuwa unabadilisha kufuli za nyumba ya marehemu Baba.

Nilikuwa tayari kulimeza hata hilo. Ningelituma gari kwa lori na kukaa kimya. Lakini juma lililopita Mama aliazima simu ya mshonaji wa jirani. Sauti yake imekuwa nyembamba kama uzi. Hakunisalimia. Aliniuliza, "Mwanangu, kwa nini unakataa kuja? Mdogo wako anasema kila mwaka anakuita, na kila mwaka unakataa." Hujawahi kuniita hata siku moja. Mama haoni tena, anasubiri, na wewe ukamwambia simtaki.

Sasa utazame bahasha uliyoishika. Haina stempu.

Injini mpya haizoezwi juu ya lori. Inataka barabara: kupanda vilima ikivuta, kushuka ikizuiwa, mwendo ukipanda na kushuka, kilomita mia nane au mia tisa, kisha oili ile ya kwanza imwagwe ikiwa ya moto, na vumbi lote la chuma lililosagika. Nilipima ramani kwa rula. Kutoka kwenye gereji ya Honi mpaka getini kwenu ni safari hiyo hasa. Ndiyo maana niliichagua oili hii, na ndiyo maana naandika leo kabla sijaanza safari: nikifika tutapigiana kelele, na ya mdomo hutayasikia.

Nitasimamisha gari uani. Mama ataisikia injini kabla yako, naye hatahitaji kuambiwa na mtu ni nani aliyefika.

Kopo lako liko kiti cha nyuma, halijafunguliwa. Limebonyea kidogo kwa juu. Unajua kwa nini. Lirudishe dukani.

Msalimie shemeji. Mama nitamsalimia mwenyewe. Wewe, kabla hujafungua kinywa, lete lile karai la Baba. Oili bado ni ya moto.

Ni mimi,
kaka yako, niliye hapa nje