Bendera Iliyolowa

Hospitali ya Wanamaji,
Wodi ya tatu, kitanda cha dirishani.
Jumatano mchana.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Na kile kikohozi kimekuacha, au bado mnagombana? Mimi mwanao nipo. Mkono wa kushoto umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, wa kulia ndio huu unaokuandikia.

Barua yako nimeipata. Umesema mdogo wangu amejiandikisha jeshini ili akalipize yaliyotupata, anaondoka Jumatatu, na mtaa mzima unakupongeza kwa kuzaa wanaume. Nimeisoma mara nne, mama. Sasa nisikilize mimi, maana redio inasema yake.

Unajua vita vile si vyetu. Meli yetu ilikuwa inasindikiza tu meli za mizigo za nyumbani, zisiguswe na hao wanaopigana. Na mimi ni dobi, vita vyangu ni madoa ya kola. Siku ile, saa nne asubuhi, bahari imetulia tuli, mpishi wetu tuliyemwita Sufuria alikuwa ananung'unika eti aproni yake nimeifua mpaka imekuwa ya mwanasesere. Mara ndege tatu hizo. Tukazipungia mikono! Haki ya Mungu, tulizipungia.

Sikujua kwamba sauti inaweza kumsukuma mtu akaanguka. Bomu la kwanza lilipasua maji, yakasimama wima kupita mlingoti, meupe pee, nami nikabaki nimeduwaa, mdomo wazi, nimesahau hata kuogopa. Chuma kinene cha sitaha kilikunjika kama karatasi. Lakini kilichonishangaza zaidi ni watu. Fundi mitambo alifunga bomba la mvuke kwa mikono mitupu ili wenzake wasiungue. Nahodha, damu inamchuruzika sikioni, alikuwa anauliza kwa upole kama kila mtu amevaa jaketi la kuokolea. Watu wale wale wanaogombania sabuni! Sufuria alishuka chini mara mbili, kila mara akatoka na mtu mgongoni. Mara ya tatu hakutoka.

Ndipo nikapanda mlingoti na bendera. Nilipoifunga ikakunjuka yote, na ndege ya mwisho ikapita karibu hata nikamwona rubani akigeuza kichwa. Hakupiga. Zikaenda zao.

Redio inasema waliiona bendera yetu, wakaiangusha kwa risasi makusudi, dobi akaiokota. Nahodha mwenyewe anaamini hivyo. Kesho waziri anakuja hapa wodini kunivika nishani. Jana alikuja mjane wa Sufuria, akanishika mkono huu mzima, akanishukuru.

Mama, bendera haikuangushwa na mtu. Niliishusha mwenyewe. Moshi wa mitambo ulikuwa umeitia weusi, na mimi na majivuno yangu ya weupe nikaona aibu. Sheria inataka ipandishwe nyingine kwanza. Nikasema nusu saa tu, nani atajua. Sufuria peke yake aliniona, akaniambia niirudishe upesi, nikamcheka. Ndege zilipotokea ilikuwa kwenye beseni langu, imejaa povu. Wenzangu waliiona imelowa wakadhani ni maji ya mabomu. Kama wangeiona wangetuacha, sijui, na sitajua kamwe. Ninachojua ni kwamba hawakuiona, na nchi nzima inadai vita kwa kuamini waliiona.

Kesho nitamwambia waziri kabla hajafungua kisanduku chake. Watakachonifanya nakijua. Najua pia mtaa utakavyokutazama, na hilo linaniuma kuliko mkono. Nimetaka tu ulisikie kwangu kwanza.

Nesi anayekuletea barua hii anafika huko leo jioni. Mkaribishe, ni mtu mwema. Msalimie shangazi, na wapangaji wote. Mdogo wangu usimpe salamu, mpe barua yenyewe aisome. Akinikasirikia, mwache anikasirikie maisha yake yote, ilimradi awe hapo nyumbani.

Nisamehe, mama.

Mwanao wa kwanza,
Dobi