Banaume na Banamuke ya mu Beseni

Mupendwa mutoto yangu Numbi,

Nakusalimia sana, na hapa Katuba bote banakusalimia. Baba yako anakusalimia, mugongo yake iko afazali. Yaya yako Monga, mukubwa yako, anakusalimia, mugodi ilifungwa lakini anachoma matofali. Jirani yetu Mama Ngalula anakusalimia, anauliza kama kule Zambia unakula. Na mimi nauliza vile vile.

Sasa ile tujani yako tudogo twa masomo. Unakumbuka vile tuliikwangulaka ku ukuta ya kisima, mimi na weye, magoti mu matope, tukaitia mu beseni? Ukanionyesha: yenye kamwavuli njo mwanaume, yenye vidole kama mukono njo mwanamuke. Ukasema mu kichwa ya kamwavuli muko tufuko, na ndani muko mbegu ya kiume yenye mukia, inaogeleaka mu tone ya maji mupaka kwa mwanamuke. Nikakuambia, "Wacha bwongo."

Kiisha basoda bakapora chuo, bakavunja labo, weye ukakimbilia Kasumbalesa, ukavuka mupaka. Ya masomo yako kulibakia tu hii tujani ya mu beseni yetu. Niliogopa sana: ikikufa, kazi yako yote imekufa.

Na baba yako akaiona, akatafuta beseni ya pili. "Mu kanisa banaume banakaa huku, banamuke kule. Mu lupango yangu, mu kiwanja ya nyumba yangu, itakuwa vile." Akabatenganisha na kijiko, polepole. Tukangojea. Ata kitu hakikutokea.

Njo nikakumbuka neno yako: "Mama, bila maji, bwana hafike kwa bibi." Nikabarudisha mu beseni moja, nikanyunyiza maji na mukono, asubui na mangaribi. Baba yako akapita:

"Unabaolesha bila padri?"

"Balishaoana zamani. Ni weye ulibaachanisha."

Numbi, leo nilipindua kamukono moja. Chini yake kuko bitu bya manjano, bidogo kama mayai ya samaki: mbegu iko mule ndani. Nikapiga vigelegele. Mama Ngalula akakuja mbio, akifikiri basoda bamerudia. Akanikuta nacheza mbele ya beseni, na yeye akaanza kucheza, ata hakuuliza.

Kazi yako iko muzima. Lakini sasa sijue: nimwange maji tena, ao niache ikauke? Shofere mwenye kukuletea hii barua anarudia huku siku ya posho, njo Jumamosi. Umupatie jibu mu mukono, ata mustari moja, kabla mbegu ianguke.

Mimi mama yako, nakulindia batoto bako ya kijani.