Kliniki ya Mwezi Ishirini na Tatu

Alhamisi. Mwezi ishirini na tatu, yaani siku ya ishirini na tatu tangu mwezi uandame, kwa hesabu ya Bi Mwanahamisi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, kisha jua likatoka, na hadi sasa linawaka.

Mashavu yananiuma kwa kucheka.

Nimekaa barazani kwa mwenyeji wangu, miguu nimeinyoosha, mbele yangu mwani umeanikwa uwani na kuku wanafukuzwa wasiukanyage. Nina ripoti ya kuandika upya kabla ya kesho mchana. Nimeanza na shajara kwanza kwa sababu nikianza na ripoti furaha hii itaniponyoka.

Kwa wageni wa blogu hii: mimi ni mwanafunzi wa afya ya jamii, mwaka wa pili, mzaliwa wa Kiwangwa, kwenye mananasi. Chuo kimenileta kwa mazoezi ya miezi miwili katika kijiji cha pwani, si mbali na Mlingotini. Jina la kijiji silitaji, wenyewe wameniomba. Naishi kwa Bi Mwanahamisi, mjane anayelima mwani baharini pamoja na wanawake wengine wa hapa. Na tuna somo moja chuoni ambalo mwalimu anatutaka tuandike mawazo yetu wenyewe kuhusu mazingira, haki na afya. Si ya vitabuni, alisema, yenu. Kwa wiki sita nimeandika maneno mazuri ambayo sikuyaamini sana.

Leo nina la kuandika. Ila inabidi nianze na aibu yangu.

Nilipofika hapa, nesi wa zahanati, Nesi Salome, alinikabidhi kliniki ya presha na macho kwa wanawake. Ni mpango wa majaribio, kila baada ya wiki mbili, Jumatano, saa nne asubuhi. Nilifurahi kupita kiasi. Nikaandika matangazo kwa kalamu nene, nikayabandika dukani na kisimani, na msikitini wakanitangazia kwa kipaza sauti. Jumatano ya kwanza nikapanga mabenchi, nikavaa koti jeupe lililopigwa pasi, nikasubiri.

Walikuja wazee wa kiume wanne, wote wakitaka dawa ya kikohozi.

Jumatano ya pili, baada ya wiki mbili, alikuja mwanamke mmoja, naye alikuwa anapita tu. Jioni ile nikafungua daftari la ripoti nikaandika: "Wanawake wa kijiji hiki hawana mwamko wa afya." Nikaisoma mara mbili. Nilipenda hasa hilo neno mwamko. Nikajiona bonge la mtaalamu.

Jumatano ya tatu ilikuwa wiki iliyopita. Mabenchi matupu. Nesi Salome alikaa kando yangu, akavua kandambili, akaniambia taratibu kuwa kliniki isiyo na watu hufutwa. Wilayani wanataka jibu mwisho wa mwezi, na ripoti yangu ndiyo itakayoambatanishwa na jibu lake. Nilimwonyesha sentensi yangu. Akaguna, akasema, "Basi ndiyo hivyo."

Siku ile ile mchana, Bi Mwanahamisi alirudi nyumbani kanga imelowa hadi kifuani, gunia la mwani kichwani. Alilitua, akashika nguzo ya baraza, akasimama hivyo kwa muda. Nikamuuliza vipi. Akasema kizunguzungu tu, kitapita. Nikamkalisha, nikaleta mashine, nikampima. Sikuipenda namba niliyoiona.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa hofu. Nikamfokea, mtu mzima aliyenizidi umri maradufu. Nikamwambia leo asubuhi dawa zilikuwepo, nilikuwepo, mabenchi yalikuwepo, yeye alikuwa wapi? Dawa za presha hapa hutolewa siku ya kliniki tu, kwa kuwa ni lazima mtu apimwe kwanza. Kumbe yeye za kwake ziliisha zamani, akawa anagawana vidonge na dadake, kila mmoja nusu.

Alinitazama kwa mshangao kabisa.

"Mwanangu, si bamvua leo?"

Nikamuuliza bamvua imeingiaje hapo. Alicheka mpaka nikaogopa presha itapanda zaidi. Kisha akanieleza polepole, kama anavyomweleza mjukuu. Mwezi ukiandama na mwezi ukijaa, bahari hutoka mbali sana asubuhi. Hiyo ndiyo bamvua. Ni siku chache tu, na ndizo siku za kufikia vigingi vya mwani, kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna. Katikati yake kuna maji mafu, bahari haitoki ya maana, wanawake wapo nyumbani. Bamvua hurudi kila baada ya wiki mbili hivi.

Kila baada ya wiki mbili.

Jumatano zangu zote tatu, saa nne, nilikuwa nawaita wanawake saa ile ile ambayo wamesimama ndani ya maji nusu saa ya mwendo kutoka ufukweni. Kama ningekaa chini nikakusudia kuwakosa wote, nisingepata ratiba nzuri zaidi ya ile.

"Kwa nini hamkusema?" nilimuuliza.

"Tulidhani mnajua. Nani asiyejua bamvua? Tukasema hiyo kliniki bila shaka ni ya watu wengine."

Sentensi hiyo imenikaa kifuani wiki nzima. Hawakukasirika, hawakulalamika. Waliona tangazo, wakahesabu mwezi, wakajua hawakualikwa.

Usiku ule nilimkumbuka baba yangu. Nilipokuwa darasa la nne, shule iliitisha mkutano wa wazazi siku ambayo lori la mananasi liliingia Kiwangwa. Lori likija, kila mwenye mikono yuko shambani, kwa sababu likiondoka tupu mananasi yataozea pale pale. Wazazi wengi hawakwenda. Kesho yake mwalimu alisimama mbele yetu akasema wazazi wetu hawathamini elimu. Nilimpelekea baba maneno yale nyumbani, mtoto sina akili. Aliendelea kunoa panga, lakini alilinoa muda mrefu mno. Nilimchukia mwalimu yule miaka mingi, na sasa nimekuwa yeye, na koti jeupe juu.

Ijulikane kwamba nililia kidogo.

Kesho yake, Alhamisi, nikaenda nao baharini. Peku, kwa kiburi cha mtu wa shamba aliyezoea ardhi. Kabla hatujafika kwenye vigingi nilikuwa nimeshajikata unyayo kwenye jiwe, na tulipofika nikateleza nikakaa kitako ndani ya maji. Wanawake walicheka hadi mmoja akaangusha kamba yake. "Huyu mtu wa mananasi!" walisema. Jina hilo limebaki. Lakini niliona pia. Niliona wanavyoinama kwa muda wa saa tatu bila kunyooka, maji ya chumvi kwenye vidole vilivyochanika, jua linavyorudi kutoka majini likawapiga machoni. Niliona mwani uliolegea na kuwa mweupe kwa sababu maji yamezidi joto, wakaung'oa na kuutupa bila neno. Tatizo la macho nililotaka kuwafundisha kwa mabango lilikuwa pale, mbele yangu, linang'aa.

Darasani tunazungumzia mazingira kama kitu cha kulindwa, kiko kule, sisi tuko huku. Hapa mazingira ndiyo yanayompangia mtu aamke saa ngapi, ale lini, aumwe lini. Na haki, ambayo mimi nilidhani ni jambo la mahakama na maandamano, kumbe inaweza kuwa jambo dogo la kuuliza mtu: mama, siku gani una nafasi? Hakuna aliyewadhulumu wanawake hawa kwa kukusudia. Mimi mwenyewe nilikuwa na nia safi na matangazo yenye rangi mbili. Bado mwanamke alikunywa nusu kidonge.

Ijumaa nilikwenda kwa Nesi Salome. Kumwambia mtu mwenye uzoefu wake kuwa tumekosea wote si mchezo. Alikunja uso. Akasema kazi ya serikali inafuata kalenda, si mwezi. Nikajua nimechemsha. Lakini aliinuka, akaitoa kalenda ukutani, akaiweka mezani, akaniambia nikamwite Bi Mwanahamisi.

Natamani mngeuona mkutano ule. Nesi Salome ni mtu wa Mbeya, mimi wa Kiwangwa, watu wawili wa nchi kavu tumeinamia kalenda ya ukutani, na Bi Mwanahamisi anahesabu kwa vidole: leo mwezi kumi na saba, bado kuna maji, Jumatatu yanapungua, Alhamisi mwezi ishirini na tatu maji mafu kabisa. Nesi akaweka alama kwa kalamu nyekundu. Akasema tutajaribu mara moja. Wasipokuja, anaandika wilayani kama alivyotaka kuandika.

Tangazo la safari hii lilikuwa fupi: "Kliniki ya kina mama, mwezi ishirini na tatu, saa nne." Mwenye duka aliniuliza mbona sijaandika siku. Nikamwambia nimeandika.

Sasa leo.

Saa nne kamili hakuna mtu. Manyunyu yanadondoka, mabenchi yameloa, nayafuta. Saa nne na robo hakuna mtu. Nesi Salome anapanga makaratasi yaliyokwisha kupangwa. Nilikuwa nimeshaanza kutunga sentensi ya kuomba radhi, sijui kwa nani.

Kisha nikasikia kicheko nyuma ya ukuta.

Walikuja wote kwa pamoja, ndiyo maana walichelewa, kwa sababu walisubiriana na kungoja manyunyu yakatike. Madera yamepigwa pasi, wanja machoni, mikono ina hina mbichi. Mmoja amebeba mkeka, mwingine bakuli la vitumbua limefunikwa kwa kawa. Baraza la zahanati lilijaa, mabenchi yakajaa, wengine wakatandika mkeka chini. "Shikamooni," nikasema, na marahaba ikajibiwa na watu wengi kwa mkupuo. Nesi Salome alisimama mlangoni mkono kinywani.

Tulipima hadi ukurasa wa rejesta ukaisha, tukafungua mwingine. Presha, macho, mikono iliyochanika. Vitumbua vilizunguka. Bi mmoja aliyesoma herufi zote za ukutani bila kukosea alikiri baadaye kuwa alizikariri akiwa kwenye foleni, akarudishwa nyuma kwa kelele. Kofia za ukili zilijadiliwa kwa urefu: pana kiasi gani zizuie jua, na nani atasuka. Mimi sikufundisha neno hata moja, nilikuwa naandika wanayosema.

Bi Mwanahamisi alikuwa wa mwisho, alikataa kuwatangulia wenzake. Nesi alimpima mwenyewe. Imepanda bado, alisema, lakini leo unaondoka na dawa zako. Akampa. Bi Mwanahamisi akazifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, akalipigapiga.

Kisha Nesi akaniambia niseme neno la shukrani.

Nilisimama na daftari. Nilikuwa nimepanga kusema asanteni nikakaa. Lakini akilini nilimwona baba anavyonoa panga, nikafungua ukurasa ule nikawasomea sentensi yangu, kama ilivyo.

Hata mwenye vitumbua aliacha kutafuna.

"Nani hana mwamko?" aliuliza.

"Nyinyi," nikasema. "Niliandika hivyo. Naomba mnisamehe."

Ndipo Bi Mwanahamisi akajiweka sawa kwenye benchi.

"Futa. Andika: nesi na mwanafunzi hawakuwa na mwamko wa bahari."

Loo! Baraza lilipasuka. Nesi Salome alicheka hadi akashika ukuta, machozi yanamtoka. Aliponyamaza akajipangusa, akageukia kalenda yake, akauliza kwa adabu kabisa kliniki ijayo iwe lini. Wakajibu kwa sauti moja, kama wanafunzi wa madrasa: "Mwezi nane!"

Akaweka alama nyekundu. Jibu la wilayani ameliandika mbele yangu kabla sijaondoka: kliniki inaendelea.

Ripoti yangu itaanza na sentensi ya Bi Mwanahamisi, neno kwa neno. Huenda mwalimu akaikata alama kwa kukosa lugha ya kitaalamu. Aikate. Nakala nitampelekea baba.

Dakika hii Bi Mwanahamisi ametoka ndani, amemeza kidonge chake, kizima, ameniwekea kitu karibu na mlango akarudi ndani. Ni viatu vya plastiki, vikuukuu, vya kuingilia baharini. Cha kulia kimetoboka kidogo, amekishona kwa uzi wa nyavu.

Vinanienea. Wiki ijayo mwezi unaandama, na sijui kama nitaweza kufunga hata kamba moja bila kuanguka, lakini mtu amehesabu siku na mimi nimo kwenye hesabu.