Mlango Wako wa Gatongora

Gatongora, Ruiru

Mayi wangu mpendwa,

Mulembe! Simiyu akikusomea haya, mwambie asome polepole, asiruke mistari kama alivyozoea. Mguu unaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi ni mzima wa mwili, ila nyumba hii imekuwa kubwa kwangu. Nikitoka kiwandani Thika nawasha redio kabla hata sijavua viatu, nipate tu sauti ya mtu. Na kabla hujauliza: hapana, bado sijaoa.

Unakumbuka ulivyokuja baada ya matanga ya baba? Ulisema utakaa mwezi mzima. Ulipoona bafu ni moja, ukaniambia mama haogi anapooga mwanawe, wala hapiti mbele ya chumba chake kwenda msalani. Kesho yake ulikuwa umeshafunga mzigo. Sikubishana nawe, maana ndivyo ulivyonilea. Lakini ulipoondoka niliumia, Mayi, na sijazoea mpaka leo.

Basi nikaamua kukutengenezea upande wako: chumba cha nyuma kipate bafu lake, na mlango wake wa kutokea uani, tusipishane. Nilidhani ni kazi ya fundi tu. Kumbe ukuta wa nje wa ghorofa hautobolewi bila kibali cha kaunti, hata kama nyumba ni yako. Nilipeleka ombi mwenyewe, likarudishwa. Nikapeleka tena, likarudishwa. Mwishowe mlinzi wa getini akanielekeza kwa Wangui, mama mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuwafuatilia watu vibali vya ujenzi.

Wangui alikuja amevaa kofia ya sufu, akautazama ukuta, kisha akasoma ombi langu.

"Umeandika chumba ya mgeni," akasema. "Na unaishi pekee yako?"

"Ndiyo."

"Sasa mgeni gani anataka bafu yake na mlango yake? Hao watu wa kibali wanaona unakata nyumba utoe bedsita, chumba moja ya kukodisha. Hata mimi naona hivyo."

Niliona haya kumweleza, maana huku nikitaja mambo ya kwetu huwa wananicheka. Lakini nilimweleza yote. Akashika kiuno.

"Haiya! Kwetu cucu, yaani nyanya, akikuja analala mahali amepata, na anaoga mahali maji iko. Kwani mama yako atakuja kweli?"

"Akiwa na mlango wake, atakuja."

Hakucheka. "Basi mbona unamwita mgeni? Andika mama. Hiyo ingine niachie."

Wewe uliyenizaa nilikuandika mgeni kwa sababu ya aibu tu. Wangui akamwita mchoraji wake, wakachora upya, na sababu ikaandikwa wazi: chumba cha mama mzazi, desturi ya kwao, hakuna mpangaji. Tukazunguka pia kwa majirani kuwaomba wavumilie kelele za fundi, na ndipo nilipojua jina la mama anayeishi juu yangu, ambaye miaka yote hii nilikuwa nasikia viti vyake tu vikiburutwa. Kibali kilipotoka, Wangui alikileta mwenyewe, akanywa chai, akaniuliza unapenda mboga gani. Alikaa kwenye kiti ulichokalia wewe; hakuna mtu mwingine aliyekikalia tangu uondoke.

Sasa chumba kiko tayari. Kizingiti nimekishusha kwa ajili ya mguu wako, na dirisha linapata jua la asubuhi. Ufunguo nimeufunga ndani ya bahasha hii. Sikubaki na mwingine, kwa hiyo hakuna atakayeingia humo mpaka ufungue wewe.

Nisalimie Simiyu ndugu yangu na mkewe, nawashukuru kwa kukutunza. Nisalimie na shangazi Nafula anayekuchotea maji, na mwambie aache kukutisha na baridi ya huku. Nimenunua blanketi zito.

Jana jioni, nilipokwisha kuufunga mlango wako, niliugonga kutoka uani, nione kama sauti itakufikia ukiwa kitandani. Halafu nikasimama pale nikisubiri, Mayi, kana kwamba kuna mtu ndani. Njoo unifungulie.

Mwanao anayekuwaza,
Wafula