Ukweni Bila Wazee

Gitothua, Ruiru

Ndugu yangu mkubwa Hezron,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Natumaini mguu wako umepungua uvimbe na ng'ombe amezaa salama. Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu hushiki, na barua hii mchungaji wetu anakuletea mkononi, ili usije ukasema mtandao ulisumbua.

Kazi iko. Bado nachonga mawe kule machimbo ya Kalimoni, na siku ukipita Membley uone zile nyumba za watu wa mishahara, jua nusu ya hayo mawe yamepita kwa nyundo yangu. Msimamizi husema nikiugua siku mbili Ruiru yote inasimama kujengwa. Lakini sikukaa chini kuandika habari ya mawe.

Unajua binti yangu Faith amepata mchumba, fundi wa stima huko Thika. Watu wa kijana wanataka kuja kujitambulisha mwezi ujao. Nikafurahi kama baba. Ndipo Mama Faith akaniuliza, "Watakuja kwa nani? Wewe kwetu hujafika." Kwao Ukambani, mwanamume asipopeleka mbuzi watatu wa ntheo kwa baba ya mke, hajaoa, hata wakae pamoja miaka ishirini kama sisi. Watoto wanabaki wa babu yao. Mahari ya Faith angeipokea babu, na mimi niwe kama jirani aliyepita akaona moshi.

Ndiyo sababu nilikupigia mara tatu. Nilikwambia mbuzi ninao, ninachokosa ni wazee, maana kule mwanamume hajisemei, anasemewa na watu wake. Mara ya kwanza ukasema mpaka mahindi yavunwe. Mara ya pili kulikuwa na matanga. Mara ya tatu ukasema, "Huyo uliyemwokota Thika, sisi tunamjulia wapi?" Simu ilikuwa kwa spika, ndugu yangu. Mama Faith alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa, aliendelea kuchagua.

Basi nikasema tutaenda wawili. Kwao ni mbali kuliko mbali, ulimi wa ardhi ulioingia ndani ya bwawa la Masinga, maji pande tatu. Tulitoka asubuhi na pikipiki yangu, mimi mbele, yeye nyuma, na kati yetu beberu ndani ya gunia, kichwa nje. Mbuzi wale wengine wawili shemeji Mutua, ndugu ya mke wangu, alikuwa ametununulia hukohuko. Mpaka Matuu ni lami, na nilipita magari kama yameegeshwa. Tulipoacha lami nikajua kwa nini huko hakuna mtu anaenda kutembea. Njia ni ya ng'ombe. Mawe kama vichwa vya watu, miiba ya kutoboa buti, na mchanga wa mito iliyokauka unameza gurudumu lote. Korongo moja niliruka pikipiki ikiwa hewani, beberu akanyamaza kwa heshima. Mama Faith atakwambia tulisukuma. Tulisukuma kidogo. Karibu na maji kiboko alisimama mbele yetu, ukubwa wa tingatinga, nikamkazia macho mpaka akaona haya akaondoka.

Kabla ya kuingia bomani Mama Faith alishuka, akajipangusa vumbi, akafunga leso mpya.

"Baba Faith," akasema, "leo usiongee sana."

Nikamwambia nimesikia.

Baba mkwe alikuwa na wazee wanne, viti vimepangwa uani, na upande wetu vimepangwa viti sita. Akanipa mkono. "Karibu. Wenzako wako wapi?"

Ningesema ukweli saa hiyo labda wangenihurumia. Lakini ningeanzaje, kwamba ndugu zangu wamenikataa? Nikasema wako nyuma, wazee watano na gari, limekwama mchangani. Wakauliza anayeongoza ni nani. Nikakupamba, ndugu yangu. Nikasema chifu hafungui baraza kabla hujaketi, na ukisimama wanaume wanavua kofia. Wazee wakafurahi sana. Baba mkwe akaagiza chakula kisiguswe mpaka mfike.

Tuliketi tangu saa sita. Muthokoi, yale mahindi yao ya kukobolewa, ukapoa, ukapashwa, ukapoa tena. Saa tisa mzee akamwambia Mutua, "Chukua pikipiki ukawaongoze wageni. Njia hii hawaijui."

Nikasema hakuna haja, watafika tu.

"Wageni wangu hawawezi kuhangaika porini," akasema mzee.

Mutua alikwenda mpaka lami. Aliporudi alikuwa mweupe kwa vumbi, hata nyusi. "Hakuna gari," akasema. "Nimeuliza mpaka kwa kituo cha mafuta."

Mzee hakuniuliza mimi. Alimuuliza binti yake. Mama Faith akajibu akiangalia chini, "Hakuna anayekuja, baba. Hawakutaka kuja."

Mzee mmoja akacheka. "Na huyo wa kuvuliwa kofia?" Baba mkwe hakucheka. "Mbuzi wako ni wazuri," akaniambia, "lakini ntheo hailetwi na mtu mmoja kama mzigo wa duka. Mpaka nione watu wako, Faith ni mtoto wa hapa. Wanaomtaka waje hapa."

Nikawasha pikipiki. Mama Faith hakupanda. "Mimi nabaki nitayarishie wageni wa mtoto," akasema. "Wewe tafuta watu."

Ile njia ya kurudi sina hadithi yake.

Juzi Faith alinipigia. Watu wa kijana wameshaambiwa waende huko. Akauliza, "Daddy, siku hiyo utakuja kama nani?" Nikasema simu inaisha chaji.

Ndugu yangu, sikuombi mbuzi wala nauli. Chukua wanaume wawili, hata wale hawanipendi. Keti kwa kile kiti useme, "Huyu ni wetu." Ukimaliza unaweza kuendelea kunichukia, nitakurudisha mpaka stendi mwenyewe.

Nisalimie mama yetu, umwambie nakula vizuri. Salamu kwa mke wako, na kwa senge yetu, dada ya baba, aliyenilea nikiwa na surua. Watoto wako waambie anko wao hajasahau mpira wao. Usiwasomee hii.

Usipokuja nitaenda hivyohivyo, na nitaketi na watu wa kijana, upande wa wageni.

Mdogo wako, tumbo moja,
Shadrack