Natoka Saa Tano, Nafika Saa Tano

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, au kwa usahihi zaidi naomba hukumu yako, kwa maana haki iko upande wangu na anayeteseka ni mimi. Nimerudi Élisabethville na diploma yangu kutoka Léopoldville, na kabla ya kupanda ndege nilimpa rafiki yangu Godefroid, aliyetangulia, ujumbe kwa Papa Lucien wa mtaa wa Katuba, baba wa mchumba wangu Delphine, nao ulikuwa sentensi moja niliyoijenga kwa uangalifu: "Natoka saa tano, naruka saa tano, nafika saa tano." Kila neno ni kweli, kwa sababu kati ya miji hii miwili kuna kilometa zaidi ya elfu moja na mia tano, na ndege huzimaliza kwa saa tano, tena saa za kwetu zinatangulia zile za Léopoldville kwa saa moja, basi anayetoka kule saa tano asubuhi anatua uwanja wa Luano à cinq heures, jua likishuka.

Lakini jamaa wote walifika uwanjani saa tano asubuhi, katika nguo zao za misa, wakasimama juani mpaka jioni, na kuku wa Mama Adolphine, mama yake Delphine, akachacha sufuriani. Niliposhuka, Papa Lucien aliniuliza:

"Donat, ulisema saa ngapi?"

"Saa tano, Papa. Na sasa iko saa tano."

Tantine Régine, shangazi yake Delphine, akadakia: "Basi ndege yake haikutembea. Ilisimama tu kule yulu mawinguni, Katanga ndiyo ilikuya kumupokea."

Nikachora dunia mavumbini kwa ncha ya mwamvuli, nikawaonyesha longitudo. Papa Lucien akapita juu yake kwa viatu.

"Muntu mwenye kutoka saa tano na kufika saa tano iko mulozi, ni muchawi. Mi siwezi kupa mulozi mutoto yangu."

Delphine alicheka mpaka akashika tumbo. Tangu siku hiyo mazungumzo ya mahari yamesimama. Je, nimpelekee baba yake atlasi?

Donat, mwenye diploma

Donat,

Pole, ingawa aliyesimama katika jua la Luano si wewe. Kilometa zako ni sawa. Kosa liko kwenye ulimi: saa tano yako ya kwanza ni ya Kiswahili, ya mwisho umeitoa katika Kifaransa, cinq heures, neno kwa neno. Kwa Kiswahili ulifika saa kumi na moja. Ulibadilisha lugha katikati ya sentensi, bila kumwambia mtu, ili upate raha ya kusikia neno moja mara tatu, na wazee wakailipia raha hiyo kwa miguu yao.

Hata hivyo, usilie. Binti anayecheka hivyo hajakuacha.

Atlasi ibaki nyumbani. Tafuta kuku mzima, mnene kuliko yule. Mwagize Godefroid aseme utafika Katuba dimanche, siku ya misa, saa tano, asiongeze neno. Wewe fika ile ya asubuhi, usimame uani, juani, usikae mpaka upewe kiti. Wakikuacha hadi cinq heures ya jioni, mwambie Papa Lucien kwa heshima kwamba sasa ni saa tano. Akicheka, omba tarehe ya harusi. Asipocheka, endelea kusimama: usiku nao una saa tano yake.